Mgeni wa Nyuzi Nne

Sitaki mtu aniambie nimetia chumvi. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kupima, na nikipima sikisii. Haya ninayosimulia yalimpata wifi yangu, mke wa mdogo wangu, katika nyumba ambayo ukuta wake mmoja ndio ukuta wangu. Nilikuwepo. Asiyetaka kuamini aende zake, simshiki shati.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia hadi miguuni pa cherehani, na mteja mmoja alikuwa ananigombeza kwa sababu suruali imembana, kana kwamba ni mimi niliyenenepa. Upande wa pili wa ukuta mdogo wangu alikuwa anapiga msasa. Yeye alikuwa fundi wa ala za nyuzi: magitaa, fidla, udi, chochote kilichopasuka tumbo au kuvunjika shingo. Mtaani wanamwita Fundi Nyuzi, na jina hilo limemkaa mpaka hata mimi niliyembeba mgongoni huteleza nikamwita hivyo.

Wifi yangu alikuwa mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza. Sauti yake ndiyo iliyomlisha. Aliweza kunyamazisha darasa zima bila kugonga meza, na akicheka, cheko lake lilipita ukutani kama ukuta ni pazia. Nikimsikia kule, nami huku nacheka peke yangu, kinachochekesha chenyewe sikijui. Wateja wapya walidhani nina wazimu kidogo. Dada wa kuzaliwa naye sikujaliwa. Nilijaliwa wifi, na alinitosha.

Sasa sikilizeni jinsi hawa wawili walivyokuwa wakifanya kazi, maana balaa lote liliingilia hapo. Mafundi wengine wana kifaa cha kupimia sauti ya uzi. Mdogo wangu hakuwa nacho na hakukitaka. Kipimo chake kilikuwa mkewe. Akifunga uzi mpya humwita, wifi anakaa kwenye kigoda, yeye anashika kigingi cha kukazia na kuanza kukizungusha. Kigingi kikilia tu kwichi, wifi anatoa sauti na kuishikilia, haitikisiki, mpaka uzi upande na kuikuta. Walianza mchezo huo wakiwa wachumba. Miaka ilipopita ikawa mazoea, hata wifi akiwa jikoni na mikono imejaa unga, kigingi kikilia karakanani anaitika bila kujijua. Nilikuwa namtania kwamba mume wake mwenyewe akimwita haitiki upesi hivyo. Naye alinijibu kwamba kigingi hakiombi chakula.

Basi siku hiyo ya suruali ndipo alipokuja dalali wa vitu vya kale, mtu mwenye kazi ya kuondoa mali katika nyumba za marehemu na kuitafutia wanunuzi. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye blanketi. Alitaka mambo mawili: kitengenezwe, na aambiwe kimetoka wapi, kwa sababu kitu chenye asili hununulika upesi. Mdogo wangu akafungua blanketi, na mimi niliyekuwa mlangoni nikamwona anameza mate kama mtoto aliyeonyeshwa keki.

Ala yoyote asiyoijua alikuwa anaiita mgeni. Lakini huyu alikuwa mgeni kweli. Tumbo lilichongwa kwenye gogo moja jeusi, nusu ya uso wake mbao, nusu ngozi. Shingo ndefu, kichwa kimepinda kwa nyuma. Nyuzi nne za utumbo, zote zimelegezwa. Kila kigingi kilikuwa kimepigiliwa kabari ya mti na kumiminiwa nta ili kisizunguke, na juu ya nyuzi kulikuwa na ukanda wa kitambaa uliozungushwa mara nyingi na kushonwa. Nikauinamia ule ushonaji, hiyo ni fani yangu. Ilikuwa mishono midogo sana, imebanana, imerudiwa juu ya mishono mingine. Nikamwambia mdogo wangu kwamba aliyeshona hapa hakutaka pafumuliwe. Akacheka, akachukua kisu, akaukata.

Kutafuta asili kukamtia wazimu. Alipiga picha, akawatumia mafundi wenzake wa mbali na wa karibu. Kila mmoja alijibu kwamba si ya kwao, ila inafanana na ya majirani zao. Na hao majirani wakiulizwa, nao wanasema vilevile. Mwishowe akamwita mama mmoja wa makumbusho, mtu mzima, mpole, mwenye glavu nyeupe mkobani. Mama yule aliigeuza ile ala polepole, akaomba taa na kile kioo kidogo chenye mpini ambacho madaktari wa meno hutumia. Mdogo wangu alikuwa nacho, ndicho alichokuwa anaingiza kwenye matundu ya ala kuangalia ndani. Mama akakiingiza, akachungulia, akasema ndani hakuna vumbi. Ala ya kale kiasi hicho, hata chembe ya vumbi hamna. Alipokitoa kioo, kilikuwa kimefunikwa ukungu, kama kioo ulichokipulizia pumzi.

Mdogo wangu alisema ni unyevu wa hewa. Mama wa makumbusho hakumbishia. Alizitazama kabari za vigingi moja moja, akasema kila moja ni ya mti tofauti, na hazilingani umri. Kisha akasema kwa sauti ndogo, maneno ambayo nayakumbuka kwa sababu aliyasema akiwa anavua glavu kwa haraka:

"Mafundi kadhaa wamepita hapa, baba, na kila mmoja aliziba. Hakuna hata mmoja aliyeacha wazi. Ningekuwa wewe, ningejiuliza kwa nini."

Aliondoka chai yake haijaguswa. Mdogo wangu, kichwa kigumu tangu tumboni mwa mama yetu, akasema mafundi wabovu wapo wengi duniani, akaanza kung'oa kabari. Tatu zilitoka. Ya nne ilikataa, akaiacha kwa baadaye. Hizo tatu akazitupia kwenye jiko la kuyeyushia gundi, zikawaka, na gundi iliyochemka juu yake ndiyo aliyozibia ufa wa tumbo la mgeni.

Alasiri moja akamwita mkewe kwa ajili ya uzi wa kwanza, ule mnene. Wifi akatoa sauti ya chini. Nilisikia kutoka kwangu. Mdogo wangu alikuja baadaye kujigamba kwamba hajawahi kuona uzi unaoshika upesi vile, hata mkono haujamaliza kuzungusha umeshamkuta.

Kesho yake wifi aliamka na sauti nyembamba. Chini pamekatika, panabaki juu tu, kama mtu mwenye mafua, na mafua hana. Wanafunzi wake walimcheka, naye akacheka nao. Tukampa maji ya moto yenye tangawizi. Baada ya siku chache akajiona afadhali, au alisema hivyo kumfurahisha mumewe, maana dalali alikuwa anapiga simu kila mara. Wakafunga uzi wa pili na wa tatu mchana mmoja.

Jioni ile nilikwenda kwao kuwapa kisa cha bwana suruali. Alikuwa amerudi, na safari hii amepasua kabisa, pale pasipotajika. Wifi akafungua mdomo kucheka. Mabega yakatikisika. Machozi yakamtoka. Sauti, hakuna. Nikadhani ananitania, nikaendelea kucheka mimi, mpaka nilipoyaona macho yake. Yalikuwa yananiuliza mimi.

Tangu hapo alibaki na mnong'ono. Daktari alimtazama koo, akasema ni zima, safi kama la mtoto, apumzike tu. Shule ikampa likizo. Mimi nilianza kulala vibaya, na mtu anayelala vibaya hushona vibaya. Niliharibu magauni mawili wiki ile.

Halafu, adhuhuri moja, niko katikati ya kukunja pindo, nikasikia wifi anacheka.

Kule karakanani. Lile cheko lake zima, la zamani. Nikaruka na futi shingoni, nimefurahi mpaka nimesahau viatu. Karakana ilikuwa na kufuli. Mdogo wangu alikuwa ametoka kununua msasa. Nikaweka mikono usoni nikachungulia dirishani. Hapakuwa na mtu. Mgeni alikuwa ametundikwa msumarini, nyuzi zake tatu zinatetemeka. Cheko likaendelea. Kisha likakatika ghafla, kama la mtu aliyegundua anatazamwa.

Nikaenda ndani. Wifi alikuwa kitandani, blanketi limefika kidevuni, macho wazi. Alikuwa amesikia.

"Wifi," akaninong'oneza. "Nani yule anacheka cheko langu?"

Nikakaa kando yake, nikamshika mkono, na wote wawili tukawa tunasikiliza ukuta.

Mdogo wangu aliporudi nilimpa vidonge vyake palepale uani, sikumbakizia. Nilitegemea abishe. Hakubisha. Aliketi kwenye ngazi na mfuko wake wa msasa, akaanza kulia, mtu mzima. Kumbe alikuwa anajua. Alikuwa ameshalegeza vigingi vyote vitatu, nyuzi zikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na bado zilitoa sauti ileile. Alijaribu kukata uzi mmoja. Alipougusa tu kwa mkasi, mkewe chumbani alishika koo na kupiga magoti.

"Nimemtia mke wangu ndani ya mti, dada," akasema. "Na njia ya kumtoa siijui."

Tulichoweza kufikiria ni kurudisha mambo yalivyokuwa. Waliotangulia walijua jambo, basi na sisi tuzibe, labda kitarudi kilichochukuliwa, au angalau kisichukuliwe zaidi. Kabari za mwanzo zilikuwa majivu. Akakaa kuchonga mpya. Wifi tulimkataza kuingia karakanani. Alikaa nje, chini ya dirisha, amejifunika shali, nami nikahamishia kazi zangu za mkono hapo ili asiwe peke yake.

Ilikuwa mchana, jua linawaka. Watoto walikuwa wanacheza mpira barabarani. Mdogo wangu alipigilia kabari ya kwanza. Akapigilia ya pili. Akapigilia ya tatu. Tukamsikia anavuta pumzi. Ilibaki kuangalia kama ile ya nne, ile ya zamani, bado imekaza. Akakigusa kigingi. Kumbe joto la jiko la gundi, siku zote zile, lilikuwa limeukausha ule mti na kuilainisha nta. Kabari ikadondoka sakafuni. Kigingi kikazunguka.

Kikalia kwichi.

Na wifi akaitika.

Hakufikiri. Hakukusudia. Mdomo wake ulifunguka wenyewe, kama ulivyofunguka miaka yote. Ikatoka sauti yake nzima iliyobaki, safi, ya juu, nzuri kuliko zote nilizowahi kumsikia. Hata watoto wa mpira walisimama. Nikamrukia kumziba mdomo kwa kiganja changu. Nilichelewa. Sauti ilikuwa tayari imehamia upande wa pili wa dirisha, inaendelea kule ndani peke yake, na chini ya kiganja changu koo la wifi lilikuwa limetulia kabisa.

Hata mnong'ono haukubaki. Hata kikohozi. Alikuwa akikohoa, unaona kifua kinaruka, husikii kitu.

Mdogo wangu alichukua shoka. Wifi mwenyewe alimdaka mkono, akatikisa kichwa, akaenda akaweka kiganja juu ya tumbo la mgeni kama anayemtuliza mtoto. Tukaelewa. Likivunjwa hilo, kinavunjika na kilichomo. Kwa hiyo ala ikatundikwa tena msumarini, na mdogo wangu akamwambia dalali kwamba haiuzwi, yeye mwenyewe atainunua. Dalali akasema ameshapata mnunuzi na ameshatoa ahadi. Wakagombana kwenye simu.

Siku mdogo wangu aliposafiri kwenda kwa mama wa makumbusho kuomba ushauri, dalali alikuja. Sikumwona akiingia, nilikuwa nimeinamia cherehani, na cherehani yangu ina kelele. Wifi alikuwa karakanani anafagia. Yule bwana aliingia kwa adabu zake zote, akasalimia, akachukua mali yake msumarini. Wifi alimshika koti. Akatikisa kichwa. Akaonyesha koo. Dalali alisema baadaye kwamba alidhani mama wa watu ni mgonjwa, akajinasua polepole ili asimwumize. Hebu niambieni, mtu asiye na sauti atasemaje hapana? Atamwitaje jirani?

Mimi nilichosikia ni jina langu, lile jina letu la kuitana.

"Wifi! Wifi, njoo! Wifi!"

Sauti nzima. Sauti ya darasani. Moyo uliniruka kwa furaha, wallahi nilisema amepona. Nikatoka mbio nimenyoosha mikono. Wifi alikuwa amesimama mlangoni pa karakana, ufagio mkononi, mdomo umefungwa, machozi yanamshuka. Na sauti ilikuwa inaendelea. Ilikuwa inatoka kwenye gari jeupe lililokuwa linakata kona. Inaniita. Nikalikimbilia bila viatu, nikakimbia mpaka mbavu zikanikaza, na muda wote ile sauti ilikuwa inaniita, Wifi, Wifi, mpaka honi za barabara kubwa zikaimeza.

Tulimsumbua dalali sana. Mdogo wangu alifika hadi kumpigia magoti. Alisema ameiuza kwa msafiri aliyekuwa anapita tu, jina hakumwuliza. Nilimtazama usoni na sikuona uongo. Afadhali ningeuona.

Mdogo wangu aliacha ala. Sasa anatengeneza meza na vitanda, na akipita mahali panapopigwa gitaa huvuka barabara. Wifi tulimzoea hivyo hivyo, kwa mikono na macho. Nilijifunza kumwambia vichekesho huku nikimwangalia mabega. Tukasema basi, haya ndiyo maisha, angalau tunaye.

Asubuhi moja alikuwa anaosha vyombo, mimi nafuta. Akafungua mdomo akasema kitu.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mwanamume, mzee sana, nzito, yenye mkwaruzo. Maneno machache, ya lugha ambayo sijawahi kuisikia. Sahani ikanitoka mikononi. Wifi mwenyewe alishtuka kuliko mimi, akajiziba mdomo kwa mkono wenye povu, na ile sauti ikaendelea nyuma ya mkono mpaka ikamaliza ilichokuwa inasema.

Ikarudi kesho yake. Na kesho kutwa. Mama wa makumbusho alikuja akaketi karibu naye, akasikiliza, mkono kifuani. Alisema amesikia lugha nyingi katika kazi yake, hii haijui, wala hajui lugha iliyo jirani nayo. Kisha akamgeukia mdogo wangu. Hakusema kwa ubaya, lakini nilimwona ndugu yangu anasinyaa.

"Ulitaka kujua ametoka wapi. Ndiye huyo aliyekuwa anapumua mle ndani. Muulize mwenyewe."

Hakuna aliyejua kuuliza. Yeye ndiye alikuwa anauliza. Yalikuwa maneno yaleyale kila mara, yanapanda mwishoni, kwa upole, kama mtu aliye mlangoni anayeomba ruhusa. Ikifika hapo inanyamaza, inasubiri. Isipojibiwa inaanza upya. Mchana kutwa. Wifi hakuweza kula, maana akifungua mdomo inatoka. Hakuweza kulala. Mifupa ya shingo ilimtokeza, magauni niliyomshonea mwenyewe yakawa yanamning'inia, na nilikuwa nayapunguza kila wiki huku nimeuma meno nisilie mbele yake. Alikuwa anatuishia mikononi.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekipakata kichwa chake mapajani. Sauti ikauliza. Ikasubiri. Ikauliza. Wifi akaniangalia kwa macho yale, na mimi nikachoka. Sikutaka kitu kingine duniani ila apumzike.

"Ndiyo," nikasema. "Haya. Ndiyo."

Ikanyamaza. Wifi akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, akalala mpaka jioni. Tangu siku hiyo haijamrudia. Anakula vizuri. Jana alimaliza sahani, akaomba nyingine kwa kidole, na mdogo wangu akatoka nje ili alie kwa furaha bila kuonekana.

Ila asubuhi iliyofuata ile ndiyo yangu, nilipofungua chumba cha cherehani, nilikuta kiti cha wateja kimeondolewa ukutani na kusogezwa hadi ubavuni pa kiti changu. Ufunguo wa chumba hiki ninao mimi peke yangu. Nikakirudisha. Kesho yake nikakikuta palepale, karibu zaidi. Leo nimeweka kiganja juu yake kabla sijaanza kuwasimulia. Kina joto.